Lita Moja Inafanya Kazi Gani? Hesabu ya Injini kati ya Kilosa na Mikumi

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenye mashine za kusaga mjini Kilosa, wenye pawatila wa Kimamba na Rudewa, na madereva wa malori wanaopumzika Mikumi hutega sikio kwa jambo moja: imepanda au imeshuka shilingi ngapi? Ni swali la haki, ila ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili haitangazwi na mtu: lita uliyoinunua imefanya kazi kiasi gani kabla haijapotelea hewani? Bei ya mafuta hatuna mamlaka nayo. Kazi inayotoka ndani ya lita tunayo mamlaka nayo, na tunaweza kuipima kwa chupa yenye alama, mzani, saa na kamba.

Injini tunainunua kwa hospawa, lakini tunailipia kwa gramu za mafuta kila siku inapowaka. Hospawa tunazitaja kwa fahari, gramu hatuzipimi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayopotea kimya kimya kuliko dizeli. Uchambuzi huu unapita katika hesabu nzima, kuanzia ndani ya lita hadi juu ya Mlima Kitonga.

Kilichomo ndani ya lita

Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Kilo moja ya dizeli ikiungua yote hutoa joto la megajuli 43, kwa hiyo lita moja hubeba megajuli 36. Namba hiyo haimwambii mtu kitu mpaka tuigeuze kuwa kipimo tulichokizoea: kilowati-saa moja, yaani yuniti moja ya LUKU, ni megajuli 3.6. Hivyo lita moja ya dizeli ina nishati sawa na yuniti 10 za umeme. Petroli ni nyepesi zaidi. Lita yake ina megajuli 32 hivi, karibu yuniti 9.

Yuniti hizo 10 hazifiki zote kwenye shafti. Katika injini ndogo ya dizeli iliyo salama na yenye mzigo wa kutosha, theluthi moja hivi ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki huchukuliwa na maji ya kupozea, mwili wa injini na msuguano wa ringi, beringi na pampu. Ukishika redieta ukaungua mkono, umeshika mafuta uliyoyalipia.

Hasara hiyo haitokani na uzembe wa fundi peke yake. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba hakuna mashine ya joto inayoweza kugeuza joto lote kuwa kazi. Sehemu lazima itupwe. Kanuni ya mzunguko wa Otto, ambaye injini yake ya mipigo minne ilifanya kazi mwaka 1876, inasema ufanisi wa juu unategemea uwiano wa mgandamizo. Kwa uwiano wa 10 kwa 1, kama ulivyo katika injini nyingi za petroli, hesabu ya karatasini inatoa asilimia 60. Injini halisi ya petroli hupata 25 hadi 30 ikiwa kazini vizuri, kwa sababu gesi halisi hupoteza joto kwenye kuta za silinda, mwako huchukua muda na chuma husuguana na chuma. Rudolf Diesel alipandisha mgandamizo, na injini yake ilipopimwa mjini Augsburg mwaka 1897 mbele ya Profesa Moritz Schröter ilipata asilimia 26 hivi, wakati injini za mvuke za siku hizo zilikuwa zikizunguka kwenye asilimia 10. Injini za malori ya leo hupita asilimia 40 zinapokuwa katika hali yao bora.

Kibati cha pawatila

Sera ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila zilisambaa katika mashamba ya mpunga nchini. Nyingi zina injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, na aina inayojulikana sana ni ya Kichina iitwayo S195: silinda yenye kipenyo cha milimita 95, pistoni inayosafiri milimita 115, ujazo wa lita 0.815. Kwenye kibati huandikwa kilowati 8.8, yaani hospawa 12, kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Tukisome kibati hicho kama daktari anavyosoma cheti cha mgonjwa.

Kwanza, nguvu ya kuzungusha. Zidisha kilowati kwa 9,549, gawa kwa mizunguko ya dakika: 8.8 mara 9,549 gawa kwa 2,000 ni niutoni-mita 42. Hiyo ndiyo nguvu inayogeuza jembe kwenye tope. Hospawa ni nguvu hiyo ikizidishwa kwa kasi. Ndiyo maana injini mbili zenye hospawa sawa zinaweza kutofautiana kabisa shambani, moja ikivuta taratibu bila kuzimika na nyingine ikidai kukimbizwa muda wote.

Pili, shinikizo la wastani juu ya pistoni. Injini ya mipigo minne hufanya kazi mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kwa mizunguko 2,000 kuna milipuko 1,000 kwa dakika. Ukigawa kazi ya dakika moja kwa milipuko hiyo na kwa ujazo wa silinda, unapata baa 6.5 hivi. Kipimo hiki kinalinganisha injini kubwa na ndogo bila upendeleo. Injini isiyo na turbo ikitangaziwa baa 15, muuzaji hasemi kweli.

Tatu, na hili ndilo linalogusa mfuko: ulaji wa mafuta kwa kazi. Injini ya aina hii ikiwa nzima hula gramu 250 hivi kwa kila kilowati-saa. Gramu 250 zina megajuli 10.75; kazi iliyopatikana ni megajuli 3.6, ufanisi ni asilimia 33. Kwa saa nzima ya mzigo kamili itakula kilo 2.2, yaani lita 2.6. Mwenye pawatila anayejua namba hii anaweza kuzungumza na dereva wake kwa hoja. Asiyeijua hubaki na tuhuma.

Kupima bila maabara

Kipimo cha nguvu ya shafti kilibuniwa na Mfaransa Gaspard de Prony mwaka 1821, na kinaweza kurudiwa katika karakana yoyote. Funga kamba imara kuzunguka gurudumu la injini. Upande mmoja ning'iniza uzito, upande wa pili funga mzani wa springi uliokazwa chini. Injini ikizunguka, kamba inasugua, na tofauti ya uzito na usomaji wa mzani ndiyo nguvu ya kuvuta. Tuseme uzito ni kilo 20, mzani unasoma kilo 3, na kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya kamba ni sentimita 25. Kilo 17 mara 9.81 ni niutoni 167, mara 0.25 ni niutoni-mita 41.7, kwa mizunguko 2,000 hiyo ni kilowati 8.7. Injini imetimiza kibati chake. Tahadhari: kilowati zote hizo zinageuka joto kwenye kamba, kwa hiyo gurudumu lipozwe kwa maji, kipimo kiwe cha dakika chache, na mtu asisimame upande kamba inapoweza kurukia.

Kwa mwenye mashine ya kusaga kuna njia rahisi zaidi, na haihitaji kujua kilowati. Toa paipu ya mafuta kwenye tenki, iunganishe na chupa iliyochorwa alama ya mililita 250. Injini ikishapata moto na mahindi yanateremka kama kawaida, anza saa mafuta yanapogusa alama ya juu na isimamishe yanapogusa ya chini. Pima unga uliotoka katika muda huo. Tuseme chupa imeisha kwa dakika 6 na unga ni kilo 25: hiyo ni kilo 100 kwa lita. Sasa safisha chujio la hewa, peleka nozo ikapimwe mnyunyizo, kaza mkanda unaoteleza, geuza nyundo za kinu zilizolika upande mmoja, kisha rudia. Ukipata kilo 30 kwa dakika 7 mililita 250 zilezile zikiisha, umefika kilo 120 kwa lita. Tani moja iliyokuwa ikila lita 10 sasa inakula lita 8 na theluthi. Andika tarehe na namba kwenye daftari, rudia kila mwezi, na siku namba itakaposhuka utajua injini inaumwa kabla haijazimika katikati ya msimu.

Mzigo mdogo na hewa chafu

Injini hula mafuta hata isipofanya kazi. Msuguano, pampu na feni havijali kama kuna mahindi kwenye kinu au hapana. Injini inayowaka bila mzigo ina ufanisi wa sifuri kamili: inakula, hailimi wala haisagi. Injini ileile ya gramu 250 ikipewa robo ya mzigo wake inaweza kufika gramu 350, na ufanisi wake kushuka kutoka asilimia 33 hadi 24. Hapa ndipo wengi tunapoumia kwa kudhani kubwa ni bora. Anayenunua injini ya hospawa 25 kwa kinu kinachohitaji 10 hajajiwekea akiba; amejitwisha kodi ya kila siku. Na anayeacha mashine iwake huku akisubiri mteja mwingine mwenye debe moja analipa kodi hiyohiyo. Afadhali wateja wakusanyike, injini iwashwe mara moja na ifanye kazi kwa kushiba.

Kisha kuna hewa, ambayo hatuinunui na kwa hiyo hatuifikirii. Kilo moja ya dizeli inahitaji kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote kwa hesabu kali, na kwa utulivu wa mwako injini hupewa 20 hivi. S195 yetu kwa mzigo kamili huvuta mita za ujazo 40 za hewa kwa saa. Kilosa na Mikumi ziko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 5 hadi 6 kuliko ya Dar es Salaam yenye joto lilelile. Hasara hiyo ni ya maumbile. Lakini chumba cha mashine kilichofungwa, chenye joto la nyuzi 45 badala ya 30, hupunguza tena asilimia 5, na pumba zinazoelea humo huziba chujio. Paipu fupi ya kuvuta hewa ya nje ya ukuta hurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwa gharama ndogo sana.

Moshi mweusi ni taarifa ya hewa kupungukiwa au mafuta kuzidi. Ni masizi, na masizi ni dizeli ambayo haikupata nafasi ya kuungua. Fundi anayeifungulia pampu ili injini iwe na nguvu anaongeza mafuta ambayo hewa haitoshi kuyachoma. Moshi wa buluu ni oili inayopita kwenye ringi zilizolika. Moshi mweupe injini ikiwa imeshapata moto mara nyingi ni taimingi iliyopotea, nozo inayovuja au mgandamizo uliokufa. Dereva anayesoma moshi wake amebeba maabara nyuma ya gari.

Kipimo ambacho fundi anakijua tayari

Nenda gereji yoyote ya Mikumi uone fundi akitafuta silinda iliyokufa. Analegeza nati ya paipu ya nozo moja baada ya nyingine na kusikiliza. Injini ikibadilika mlio, silinda ile ni nzima. Isipobadilika, mgonjwa kapatikana. Wahandisi wanakiita kipimo cha Morse, na kinachokosekana gereji ni namba tu.

Hivi ndivyo namba zinavyoingia. Tuseme injini ya silinda nne inatoa kilowati 60. Tunazima silinda moja, tunapunguza mzigo mpaka kasi irudi ilipokuwa, na sasa inatoa 42. Silinda ile ilikuwa ikichangia 18. Zikiwa zinalingana zote nne, nguvu inayozaliwa ndani ni kilowati 72, na inayofika nje ni 60. Ufanisi wa kimakanika ni asilimia 83. Kilowati 12 zimeliwa na msuguano na vifaa vinavyozungushwa na injini yenyewe. Hesabu ya darasa la sita imetenganisha magonjwa mawili ambayo kwa sikio yanafanana: mwako mbaya na msuguano mkubwa. La kwanza linatibiwa kwa nozo na taimingi, la pili kwa oili sahihi na ukarabati. Mteja asingebadilishiwa pistoni wakati tatizo lilikuwa nozo.

Lori kati ya twiga

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50. Mwendo umewekewa kikomo na matuta yamejengwa ili wanyama wavuke salama. Madereva wengi huyalaumu matuta kwa kula mafuta. Tuipeleke lawama hiyo kwenye mizani.

Lori la tani 50 likienda kilomita 70 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya megajuli 9.5. Likipunguza hadi 20 ili livuke tuta, megajuli 8.7 zinaishia kwenye breki kama joto. Kuzirudisha, kwa injini yenye ufanisi wa asilimia 40 na gia zinazopitisha asilimia 90, kunahitaji dizeli karibu theluthi mbili za lita. Kwa kila tuta. Dereva yuleyule akienda 50 kati ya tuta na tuta, gharama inashuka hadi theluthi moja ya lita. Tuta ni lilelile. Kilichogharimu mafuta ni kukimbilia breki. Na kwa kuwa upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, mwendo wa 50 hupunguza ulaji hata pasipo na tuta. Mwendo unaomlinda swala ndio unaolinda tenki.

Mbele ya Mikumi, baada ya Ruaha Mbuyuni, Kitonga inasubiri. Kupandisha tani 50 kwa kila mita 100 za kimo kunadai megajuli 49, yaani lita 3.8 za dizeli, kabla ya kuhesabu msuguano wa matairi. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, injini ya hospawa 400 haiwezi kulisukuma lori hilo kwa zaidi ya kilomita 28 hadi 29 kwa saa, hata dereva akanyage vipi. Tani 5 zaidi hazionekani kwa macho, lakini hesabu inaziona: mafuta ya kupandisha yanaongezeka kwa asilimia 10. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Kikomo hicho kinailinda lami, na kinamlinda mwenye lori pia.

Katika kuteremka kuna imani moja inayoua. Baadhi ya madereva hutoa gia wakiamini wanaokoa mafuta. Gari likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye pedali, pampu hukata mafuta na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inabaki ikiunguruma na kula mafuta ili isizimike, huku breki zikibeba uzito wote peke yake. Unapoteza mafuta na unaweza kupoteza roho.

Ufanisi wa nini?

Injini nzuri inaweza kufanya kazi mbaya, kwa sababu ufanisi huzidishana katika mnyororo mzima. Mkulima wa vitunguu wa bonde la Ruaha anayetumia pampu ya petroli yenye injini ya asilimia 20 na pampu ya asilimia 50 anapata asilimia 10 tu kwenye maji. Lita yake inapandisha lita 33,000 za maji kimo cha mita 10. Akiweka paipu nyembamba iliyojaa kona, nusu ya hizo zinaweza kuishia kwenye msuguano, na hakuna fundi wa injini atakayeuona ugonjwa.

Vivyo hivyo, kilomita kwa lita ni kipimo kinachodanganya kikiachwa peke yake. Bodaboda ya kilomita 40 kwa lita yenye abiria mmoja inatoa kilomita-abiria 40. Basi la kilomita 3 kwa lita lenye abiria 50 linatoa 150. Tuulize kila mara: kazi gani, kwa ajili ya nani?

Swali hilo ndilo linalotufikisha kwenye reli. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na Agosti 1, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi safari ya hadi Dodoma, ikipita Kilosa na mahandaki ya milima yake. Haibebi injini ya mafuta. Turbini ya maji, kama zile za Kidatu zenye megawati 204 kwenye mto Ruaha Mkuu, hugeuza karibu asilimia 90 ya nguvu ya maji kuwa umeme, na mota hugeuza kiasi kama hicho kuwa mwendo. Hata ukitoa upotevu wa njiani, injini ya dizeli haiwezi kuifikia hesabu hiyo.

Mwenye mashine ya kusaga naye anaweza kuamua kwa namba. Lita moja ya dizeli inampa yuniti 3.3 za kazi. Mota ya umeme yenye ufanisi wa asilimia 90 inahitaji yuniti 3.7 za LUKU kwa kazi ileile. Chukua bei ya yuniti unayolipa, zidisha kwa 3.7, linganisha na bei ya lita. Kisha ongeza gharama ya kuvuta nguzo na hasara ya siku umeme unapokatika. Kijijini kusikofika waya, dizeli itaendelea kuwa mkombozi kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo sababu ya kuipima vizuri badala ya kuidharau.

Hukumu yangu ni hii: injini tulizonazo Kilosa na Mikumi zinaweza kutupa zaidi ya zinavyotupa leo bila kubadilisha hata moja. Chuo cha VETA kipo Mikumi. Kila kijana anayehitimu ufundi wa magari atoke akijua kupima gramu kwa kilowati-saa kama anavyojua kufungua nozo. Wenye mashine, wenye pawatila na wenye malori, msisubiri tangazo la bei. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, chora alama kwenye chupa, weka saa mkononi, na ufungue ukurasa wa kwanza wa daftari.